Mtoto Asiyekula Nyama Atapata Wapi Damu?



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua akina mama wengi wanaofika kliniki ya watoto. Mtoto amepimwa damu, imeonekana ni pungufu, na mama anapewa ushauri wa haraka: "Mpe maini. Mpe nyama." Mama anaitikia, anakunja kadi yake na kuondoka. Njiani anajiuliza: maini kwa fedha ipi? Ziko nyumba ambazo nyama huonekana Krismasi na Pasaka tu. Ziko nyingine ambazo hawali nyama kabisa kwa sababu ya imani yao, kama vile Wahindu wengi na baadhi ya majirani zetu Wasabato. Na wako watoto wanaowekewa nyama mdomoni wakaitema.

Mtoto wa nyumba hizo naye lazima apate damu. Je, ataipata kwa maharage, ulezi, karanga na mboga za majani? Kwa sehemu kubwa ataipata, lakini si kwa kubahatisha. Ipo namna ya kuchagua vyakula hivyo, kuvitayarisha na kuvichanganya. Pia upo wakati ambapo chakula peke yake hakitoshi, na mama hana budi kuujua wakati huo. Hilo ndilo somo letu.

Tatizo si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa maneno mengine, ukikutana na watoto kumi wadogo kanisani siku ya Jumapili, zaidi ya nusu yao huenda wana damu pungufu, hata kama wanacheza.

KAZI YA CHUMA MWILINI

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinachoitwa himoglobini. Hicho ndicho kinachobeba hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Chuma kikipungua, damu hupauka, na mtoto huchoka, hukosa hamu ya kula na hushikwa na magonjwa kwa urahisi.

Lakini chuma hakifanyi kazi kwenye damu tu. Kinajenga pia ubongo. Katika miaka miwili ya kwanza ubongo hukua kwa kasi sana. Mtoto aliyekosa chuma kwa muda mrefu katika umri huo huweza kuchelewa kujifunza, na madhara mengine huweza kubaki hata baada ya damu yake kurudi. Ndiyo maana hatusemi, "Ataongezeka damu akikua." Ubongo haumsubiri akue.

AKIBA ANAYOZALIWA NAYO

Mungu amempangia mtoto akiba. Akiwa bado tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, hupokea chuma kutoka kwa mama yake na kukihifadhi. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili na uzito mzuri hutumia akiba hiyo kwa miezi minne hadi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini mwili wa mtoto hukinyonya vizuri sana, kama nusu yake. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha.

Akiba hiyo huwa ndogo kwa watoto hawa:

(a) Aliyezaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5. Huyu huhitaji matone ya chuma mapema, kuanzia miezi miwili, kwa maelekezo ya hospitali.

(b) Ambaye mama yake alikuwa na upungufu wa damu wakati wa ujauzito. Akina mama, vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki mvimeze. Visikae kabatini!

(c) Ambaye kitovu chake kilifungwa na kukatwa upesi mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kusubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kufunga kitovu, ili damu iliyomo kwenye kondo la nyuma imfikie mtoto. Dakika hizo chache humwongezea akiba ya miezi kadhaa, na hazina gharama yoyote.

Kufikia miezi sita, akiba inakwisha. Mtoto anakua kwa kasi, na atakapotimiza mwaka mmoja uzito wake utakuwa kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Damu yake lazima iongezeke pia. Kuanzia hapo chuma lazima kitoke kwenye sahani.

CHUMA CHA NYAMA NA CHUMA CHA MIMEA

Chuma cha vyakula ni cha aina mbili. Kile cha nyama, maini, kuku na samaki mwili hukipokea kwa urahisi. Kile cha mimea, yaani nafaka, maharage, karanga na majani, mwili hukipokea kwa shida. Mtu anaweza kula kingi na kunyonya kidogo sana.

Wataalamu wanakadiria kuwa mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku katika chakula chake, ili mwili upate kunyonya kama miligramu 1. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 7, na asiyekula nyama anahitaji zaidi ya hapo. Tuangalie sasa gramu 100 za vyakula vyetu vina kiasi gani:

- Soya zilizopikwa: kama miligramu 5
- Dengu zilizopikwa: kama 3
- Maharage au kunde zilizopikwa: 2 hadi 3
- Mchicha uliopikwa: zaidi kidogo ya 2
- Mbegu za maboga zilizokaushwa: 8 hadi 9
- Maziwa ya ng'ombe: karibu na sifuri

Fanyeni hesabu. Mtoto wa miezi minane, kama angetegemea maharage peke yake, angehitaji karibu nusu kilo ya maharage yaliyopikwa kila siku. Tumbo lake linabeba kikombe kimoja tu kwa mlo, tena kisichojaa. Haiwezekani! Kwa hiyo tuna njia mbili za kufuata kwa pamoja. Kwanza, kila mlo uwe na chakula chenye chuma, wala si mlo mmoja kwa siku. Pili, tuusaidie mwili kukinyonya kile kidogo kilichopo. Njia hii ya pili ndiyo akina mama wengi hawajafundishwa.

MARAFIKI WA CHUMA

Rafiki mkubwa wa chuma cha mimea ni vitamini C, inayopatikana katika matunda na mboga mbichi. Ikiliwa katika mlo uleule pamoja na maharage au ulezi, chuma kinachoingia mwilini huweza kuongezeka mara mbili, hata tatu. Angalia neno "mlo uleule". Chungwa linaloliwa saa kumi halisaidii maharage yaliyoliwa saa saba.

Hatuhitaji matunda ya dukani. Pera linashinda chungwa kwa vitamini C kama mara nne. Papai, embe, chungwa, ndimu, nyanya mbichi na pilipili hoho ni marafiki wazuri. Kwa mtoto mchanga ponda pera na ulichuje mbegu. Papai liponde kwa kijiko. Chungwa mkamulie vijiko vitatu au vinne ampe mama baada ya maharage. Ndimu mkamulie matone machache kwenye mboga baada ya kuipua, kwa sababu moto mwingi huiua vitamini hii. Kwa sababu hiyo hiyo mchicha usichemshwe kwa saa nzima. Ukate, uupike kwa muda mfupi na maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Kisamvu ni tofauti: kina sumu yake, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana.

MAADUI WA CHUMA

Adui wa kwanza ni chai. Chai, ya rangi au ya maziwa, ina tanini, ambayo hukishika chuma cha mimea tumboni na kukizuia kisiingie kwenye damu. Kikombe cha chai pamoja na chakula huweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kilichomo. Hata hivyo katika nyumba nyingi mtoto wa mwaka mmoja hufungua kinywa kwa chai na andazi. Ndugu zangu, chai si chakula cha mtoto. Kahawa vilevile. Asubuhi apewe uji, na kama ana kiu apewe maji safi yaliyochemshwa.

Adui wa pili ni maziwa ya ng'ombe yakizidi. Maziwa ni chakula kizuri, hasa kwa mtoto asiyekula nyama, lakini hayana chuma na huzuia chuma cha vyakula vingine. Tena, kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe huweza kuukwaruza utumbo ukatoa damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kabla ya mwaka mmoja kinywaji chake kikuu kiwe maziwa ya mama. Baada ya mwaka mmoja, vikombe viwili kwa siku vinatosha. Tunawaona kliniki watoto wanene, wenye mashavu, wanaokunywa maziwa kutwa na kukataa chakula, na viganja vyao ni vyeupe kama karatasi. Mama hushangaa: "Sista, huyu anakunywa lita nzima!" Lita hiyo ndiyo iliyojaza nafasi ya chakula.

Adui wa tatu amejificha ndani ya chakula chenyewe. Nafaka, maharage na karanga zina kitu kinachoitwa fitati, ambacho hukifunga chuma. Dona lina chuma kingi kuliko sembe, lakini lina fitati nyingi pia. Adui huyu tunaweza kumpunguza jikoni, na kwa bahati nzuri bibi zetu walijua namna, hata kama hawakujua jina lake.

KAZI YA JIKONI

1. Kuloweka. Maharage, kunde, soya na dengu zilowekwe usiku kucha, kisha maji hayo yamwagwe na kuwekwa mengine ya kupikia. Hii hupunguza fitati, hupunguza gesi tumboni na huokoa kuni. Maharage yachemshwe barabara mpaka yalainike kabisa, kwa kuwa yasiyoiva yana sumu inayotapisha.

2. Kuotesha. Ulezi ulowekwe usiku mmoja, uchujwe, ufunikwe kwa kitambaa kibichi kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha uanikwe juani na kusagwa. Huo ndio unga wa kimea, ambao Taasisi ya Chakula na Lishe iliuhimiza sana katika miaka ya 1980. Pika uji mzito wa unga wa kawaida, uache upoe kiasi cha kuvumilika kidoleni, ukoroge kijiko kimoja cha kimea, utaona uji unalegea mara moja. Urudishe motoni uchemke tena. Hivyo mtoto hunywa uji mwepesi wenye unga mwingi ndani yake. Tumia ulezi. Machipukizi ya mtama yana sumu, na ndiyo sababu wanaotumia mtama huyapukuta yote kabla ya kusaga.

3. Kuchachusha. Koroga unga na maji safi, funika, acha siku moja au mbili mpaka uwe mchachu, ndipo upike. Uchachu hupunguza fitati na husaidia chuma kuingia. Uji mchachu wa bibi ulikuwa dawa!

4. Kusaga. Karanga, ufuta na mbegu za maboga zikaangwe kidogo na kusagwa laini, kisha kijiko kimoja au viwili viwekwe kwenye uji au mboga. Chagua zilizo safi. Zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, maana zina sumukuvu. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima hata moja, kwa kuwa humpalia.

MFANO WA SIKU MOJA

Huu ni mfano kwa mtoto wa miezi 9 hadi 12 asiyekula nyama. Kila mlo ni kama nusu kikombe cha robo lita. Mama ananyonyesha mchana na usiku kama kawaida, na ataendelea mpaka mtoto atimize miaka miwili au zaidi.

Asubuhi: uji mchachu wa ulezi wenye kijiko cha karanga au ufuta uliosagwa. Papai lililopondwa.

Mchana: maharage yaliyolowekwa, yakapikwa na kupondwa pamoja na mchicha, nyanya na kijiko kidogo cha mafuta. Ugali laini kidogo. Maji ya chungwa vijiko vinne, au pera lililochujwa.

Alasiri: yai lililochemshwa, au embe.

Jioni: ndizi au viazi vilivyopondwa na dengu au kunde, na matone ya ndimu juu yake.

Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, aongezewe taratibu. Wa mwaka mmoja na kuendelea ale robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Awe na sahani yake mwenyewe, ili mama aone amekula kiasi gani. Mtoto anayekula sinia moja na kaka zake hushindwa mbio.

Mnaonunua unga dukani, chagueni ulioandikwa kuwa umeongezwa virutubishi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani kuongezwa virutubishi, na chuma ni kimojawapo. Unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida haujaongezwa kitu.

MAMBO YANAYOTUPOTOSHA

"Nampa mchuzi wa maharage." Mchuzi ni maji na chumvi. Chuma kimebaki kwenye punje. Ponda punje, ukichuja maganda kwa mtoto mdogo, na umpe hizo. Supu nayo ni hivyo hivyo: baba hula nyama, mtoto hupewa maji yake.

"Nampa soda nyekundu." Damu haiongezwi na rangi. Soda ni sukari na rangi, nayo hujaza tumbo lisipokee chakula.

"Mboga za majani tu zinatosha." Majani ni mazuri, na yana vitamini nyingine nyingi, lakini chuma chake hunyonywa kidogo na tumbo la mtoto halibebi majani mengi. Yaende pamoja na jamii ya kunde na tunda.

"Mtoto akila mayai atakuwa mwizi." Maneno haya yamewanyima watoto wengi chakula chema. Yai si tajiri wa chuma, lakini lina protini na vitamini B12. Vitamini hiyo haipatikani katika mimea. Mtoto asiyekula nyama wala samaki anaipata katika mayai na maziwa. Kama familia haitumii hata mayai na maziwa, basi mama anayenyonyesha na mtoto wake lazima wapewe B12 kama dawa. Nendeni kituo cha afya mkaeleze wazi.

Na kwa zile nyumba zisizo na katazo lolote, ambazo nyama au dagaa hupikwa mara moja moja: siku hiyo mtoto mdogo awe wa kwanza. Kijiko kimoja cha maini au dagaa waliosagwa hukifanya hata chuma cha maharage ya mlo huo kiingie vizuri zaidi. Firigisi ni heshima ya baba, tunajua, lakini baba mwenye busara atamkatia mwanawe kipande.

CHAKULA KISIPOTOSHA

Niseme wazi: kati ya miezi 6 na 24 ni vigumu kufikisha kiasi chote cha chuma kwa vyakula vya mimea peke yake, hata kwa mama mwenye bidii. Usione haya kuomba msaada. Mahali ambapo upungufu wa damu ni mwingi, WHO inashauri watoto wa umri huo wapewe chuma cha nyongeza, na viko pia vipakiti vya unga wa virutubishi vya kunyunyizia kwenye chakula cha mtoto. Uliza kliniki kama vipo.

Lakini usiende mwenyewe duka la dawa kununua chupa ya dawa ya kuongeza damu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kisiwani Pemba, wakati huo mahali penye malaria nyingi. Watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa na kufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Tangu hapo tunajua kuwa chuma cha dawa, mahali penye malaria, lazima kiende pamoja na chandarua, upimaji na matibabu ya malaria. Chuma kinachotoka kwenye chakula hakina hatari hiyo; maharage mpe bila woga.

Iko sababu nyingine ya kupima kwanza. Si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Malaria huvunja damu. Minyoo ya safura huinyonya. Mtoto mwenye selimundu ana damu pungufu kwa sababu nyingine kabisa, na asipewe chuma bila daktari kuamua. Kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, avae viatu, choo kitumike, na kila baada ya miezi sita apelekwe kupata matone ya vitamini A kuanzia umri wa miezi sita, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Mtoto akiandikiwa dawa ya chuma, ampe mama kwa maji ya chungwa, si kwa maziwa wala chai. Kinyesi kitakuwa cheusi, usiogope. Dawa huendelea kwa miezi kadhaa hata mtoto akichangamka, ili akiba ijae tena. Na tafadhali, vidonge vya mama vya kuongeza damu vifungiwe mahali pa juu. Vinafanana na peremende, na mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua. Ikitokea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima.

DALILI ZA KUANGALIA

Mfungue mtoto kiganja mahali penye mwanga, ulinganishe na chako. Angalia pia ndani ya kope za chini, ulimi na midomo. Weupe ni dalili. Nyingine ni kuchoka, kulialia, kukosa hamu ya kula, na kula udongo au mkaa. Anayekula udongo asichapwe, apimwe.

Hospitali tunampima wingi wa damu kwa tone moja la kidoleni. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 akiwa chini ya gramu 11 ana upungufu. Kwa wa miezi 6 hadi 23, WHO mwaka 2024 iliweka kipimo cha 10.5. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Kiganja kikiwa cheupe kabisa, mtoto anahema haraka, moyo unakwenda mbio, amelegea au hawezi kunyonya, usisubiri kesho wala usianze kupika dengu. Huyo anahitaji hospitali, na huenda akahitaji kuongezewa damu.

MTOTO NA KWARESIMA

Kila mwaka wapo wanaouliza kama mtoto mdogo naye ajinyime nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 1252 inasema kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawahusu walio na umri wa miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Mtoto wa miaka miwili hafungwi na sheria hiyo. Kama kuna kipande cha nyama, apewe, wala si dhambi. Mama mjamzito, anayenyonyesha au aliye mgonjwa amwone paroko wake, wala asijitese kimya kimya. Sadaka yetu ya Kwaresima ingeweza hata kuwa hii: kile tulichojinyima sisi wakubwa kinunue kilo ya dengu na mapera kwa mtoto wa jirani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika mtaa wetu, watoto wa chini ya miaka miwili hunywa nini asubuhi? Tunaweza kuweka nini badala ya chai?

2. Ni matunda gani yanapatikana mwezi huu bila kununua? Nani ana mti wa mpera, na watoto wangapi wananufaika nao?

3. Ni nani kati yetu anajua kutengeneza kimea cha ulezi au uji mchachu? Je, anaweza kuwafundisha mama vijana Jumamosi ijayo?

4. Je, yupo mtoto katika jumuiya yetu mwenye kiganja cheupe ambaye hajapimwa? Nani atamsindikiza mama yake?

Bwana wetu alisema waacheni watoto waje kwake. Tuwalete wakiwa na damu mwilini na nguvu ya kukimbia. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuharisha na namna ya kumpa mtoto maji ya chumvi-sukari na madini ya zinki. Mungu awabariki nyote.